Kutengeneza programu ya simu kwa manahodha na abiria wa Lamu, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa kijana anayejua kuandika programu, au ndiyo kwanza anajifunza, na anataka kutengeneza kitu ambacho watu wa Amu (mji wa Lamu), Shela, Faza na Kizingitini watakitumia bila kufundishwa. Nitashika mfano mmoja: programu ya kuwekea nafasi na kuandikisha abiria wa boti zinazotoka Amu kwenda kisiwa cha Pate. Kama yako ni ya zahanati au ya duka la jumla, hatua ni zile zile.

Elimu yenyewe inaitwa mwingiliano wa binadamu na kompyuta. Mtu ana jambo analotaka kulitimiza, na mashine iko mbele yake. Elimu hii inauliza ni nini kinamsaidia na ni nini kinamkwamisha. Mizizi yake ni ya zamani kidogo. Desemba 9, 1968, Douglas Engelbart alionyesha hadharani mjini San Francisco kipanya cha kompyuta kikifanya kazi. Kompyuta ya Xerox Star ya 1981 ikaleta madirisha na picha maofisini, Macintosh ya 1984 ikavipeleka kwa watu wengi zaidi, na iPhone ya 2007 ikaondoa kipanya na kubakisha kidole. Mwaka huo huo wa 2007, mwezi Machi, M-Pesa ilianza hapa Kenya kwa menyu ya maandishi matupu iliyokaa ndani ya laini ya simu, ikafanya kazi hata kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe. Kwa maoni yangu hicho ndicho kiolesura, yaani sehemu ambayo mtu huiona na kuigusa, kilichogeuza maisha ya Mkenya kuliko vioo vyote vya kugusa, na kila mtengenezaji wa programu wa pwani hii angefaa kukisoma kwa makini kabla ya kuiga mitindo ya mbali.

Hatua ya 1: Kaa jetini

Kompyuta isubiri. Nenda jetini mapema, wakati boti zinapakia, uketi mahali ambapo hutazuia njia. Usiende na karatasi ya maswali. Mtu akiulizwa kazi yake anaifanyaje, hujibu inavyotakiwa kufanywa. Ukimtazama, utaona inavyofanyika. Tofauti ya hayo mawili ndiyo uliyoifuata.

Tazama mikono kwanza. Nahodha ana daftari kwapani. Baharia ameshika kamba kwa mkono mmoja na kwa mwingine anapokea gunia la unga. Ni wakati gani hasa mmoja wao anapata mkono wa kushika simu? Pengine ni dakika chache tu kabla ya kuondoka. Dakika hizo ndizo zako, na kazi isiyokamilika ndani yake haitafanywa kwa simu.

Halafu tazama nani anasafiri na nani analipa. Mwanafunzi anasafiri, lakini nauli imetumwa na babake aliyeko Mombasa. Bibi hana simu. Nafasi yake imeombwa na mjukuu kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kuna katoni inayokwenda Faza peke yake, mwenyewe hasafiri, na itapokewa na mtu ambaye nahodha anamjua kwa jina la mwanawe tu. Programu inayodai kila abiria awe na namba yake ya simu, na kila malipo yawe ya mtu mmoja, imewafungia nje wote hawa kabla hawajakanyaga boti.

Jambo kubwa zaidi utakaloliona ni saa ya kuondoka. Mtu aliyezoea mabasi ataandika kwenye programu yake kwamba boti huondoka kila siku saa fulani. Lakini mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, kwa miaka mingi ulikuwa na maji haba yakipwa, na vyombo vikubwa vilingoja maji yajae ndipo vipite. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana. Wakati wa bamvua hujaa sana na kupwa sana. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo. Kwa hiyo nahodha kichwani mwake hana ratiba ya saa. Ana maji, ana upepo, ana mwezi umefika wapi.

Wataalamu huita hiyo taswira ya akilini: namna mtumiaji anavyoielewa kazi yake na vitu vinavyohusiana ndani yake. Programu nayo ina taswira yake, uliyoiweka wewe kwa kujua au kwa kutojua. Zikipishana, rangi nzuri na vitufe vya kupendeza havitasaidia kitu. Kwa mfano wetu, ukurasa wa kwanza uonyeshe maji yanajaa lini na kutoka hapo boti inatazamiwa kuondoka lini, na nahodha aweze kusogeza wakati huo kwa mguso mmoja huku abiria wote walioandikishwa wakipata taarifa.

Kutazama namna hii kumewahi kubadilisha mambo makubwa. Jaribio la M-Pesa lililoanza 2005 lilikusudiwa kuwasaidia watu kurejesha mikopo midogo kwa simu. Waliolisimamia waliona washiriki wakilitumia kwa haja yao wenyewe, kutumiana pesa wao kwa wao, na huduma iliyozinduliwa baadaye ikajengwa juu ya haja hiyo.

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha au kurekodi sauti. Na kama wewe ni mwanamume, usidhani kwamba umeona kila kitu: abiria wengi ni akina mama, na hawatakueleza wewe kwa nini hawapendi namba zao zionekane kwa watu wengine. Tafuta mwenzako mwanamke mshirikiane tangu siku ya kwanza, akae nao, aandike aliyoyasikia kwa maneno yao.

Hatua ya 2: Kazi moja, kisha karatasi

Chagua kazi moja uiandike kwa sentensi moja. Yetu ni hii: nahodha ajue ni watu wangapi na ni nani waliomo kabla ya kung'oa nanga. Hoteli, maoni ya wasafiri, picha za machweo, vyote vingoje.

Kisha kata karatasi kwa ukubwa wa simu uchore kurasa zako kwa kalamu, ukurasa mmoja karatasi moja. Mtu akigusa kitufe ulichokichora, wewe unamwekea karatasi inayofuata. Utaona haya mara ya kwanza, lakini usiiruke hatua hii. Huku kwetu mtu akionyeshwa kitu kilichokamilika na kung'aa, adabu humfanya aseme “Ni nzuri, mwanangu,” na mazungumzo yanaishia hapo. Akionyeshwa karatasi iliyochorwa kwa mkono, huichukua kalamu akakuonyesha mwenyewe ilivyopasa kuwa. Na wewe hutaona uchungu kuitupa.

Hatua ya 3: Kidole, jua na chumvi

Paul Fitts, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kufikia kitu kwa mkono hutegemea umbali wake na upana wake: kikiwa mbali na kidogo, utachelewa au utakosea. Kanuni hiyo bado inatumika kupangia vitufe vya simu. Mwongozo wa Android unataka kila kitu cha kuguswa kiwe angalau dp 48 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa wa vitu kwenye kioo), ambayo ni takriban milimita 9. Hicho ni kiwango cha mtu aliyetulia. Kwenye boti inayoyumba, ongeza, na kitufe kikuu kiweke chini ya kioo ambapo dole gumba hufika bila kunyooshwa.

Kioo cha kugusa hukitambua kidole kwa sababu mwili hupitisha umeme. Kikilowa maji, hasa ya chumvi, huchanganyikiwa: hakisikii, au husikia mguso ambao haukuwapo. Mabaharia wengi huweka simu ndani ya mfuko wa plastiki, na hilo nalo hupunguza usikivu. Kwa sababu hiyo epuka kuburuta, kubana kwa vidole viwili na kubonyeza kwa muda mrefu. Mguso mmoja, mahali papana, basi.

Jua la saa sita likipiga kwenye kuta nyeupe za mji, maandishi ya kijivu juu ya weupe hayasomeki. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu, WCAG, inataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1. Wewe nenda mbali zaidi: herufi nyeusi, nyuma kweupe. Usitumie rangi pekee kueleza jambo. Nafasi iliyojaa iandikwe “Imejaa”, isiwe nyekundu tu. Mpangilio wa simu ukuze herufi hadi mwisho uone kama kurasa zako zinavurugika, kwa kuwa wazee wengi husoma hivyo. Halafu washa TalkBack, huduma ya Android inayosoma kioo kwa sauti, ufumbe macho, ujaribu kumwandikisha abiria. Kitufe ambacho simu inakisoma kama “kitufe” tu, bila jina, kwa asiyeona ni ukuta.

Kuhusu kasi, vipimo vitatu vimekubalika kwa muda mrefu. Jibu likija ndani ya sekunde 0.1, mtu huhisi ametenda mwenyewe. Likifika sekunde 1, huhisi anangoja lakini fikira zake hazikatiki. Likipita sekunde 10, huweka simu mfukoni. Usitegemee mtandao kulifikia lengo hilo: hifadhi kila kitu kwenye simu kwanza, kisha kipelekwe mtandao ukirudi, na uandike waziwazi “Imehifadhiwa kwenye simu, bado haijatumwa.” Na kwa abiria wa kabambe, toa njia ya menyu ya nyota na reli kama ile ya M-Pesa ya *334#. Menyu hizo hazihitaji bando, na kila mtu anazijua tayari.

Hatua ya 4: Saa na siku

Hapa ndipo programu nyingi zilizotengenezwa mbali hukwama, na ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Mtu wa Amu akisema boti ni saa 2, anamaanisha saa mbili baada ya jua kuchomoza, ambayo simu yake inaiandika 8:00. Abiria anayesoma “2:00” kwenye ujumbe atajiuliza: ni saa nane ya mchana au ni saa mbili yetu? Mgeni na mwenyeji watasoma tarakimu zile zile wafike jetini kwa tofauti ya saa sita. Usimlazimishe mtumiaji kupiga hesabu. Andika “saa 2 asubuhi” kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa ndogo, “simu itaonyesha 8:00”. Neno la asubuhi, mchana, alasiri au usiku lisikosekane kamwe.

Siku nazo zina mtego. Kwa wazee wetu siku huanza jua linapotua, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kijana aliyesoma kwa kalenda ya ofisini huuweka usiku huo baada yake. Safari za usiku basi ziandikwe “usiku wa kuamkia Ijumaa”, pamoja na tarehe; maneno hayo hayaelekei pande mbili. Ramadhani, saa za watu hubadilika kabisa, na nahodha awe na uwezo wa kubadilisha wakati wa safari za mwezi mzima kwa mara moja, bila kufungua siku moja moja.

Maneno mengine yote ya kwenye kioo yatoe vinywani mwa watu uliowasikia jetini. Kama wanasema “nauli” na “mizigo”, programu iseme hivyo hivyo.

Hatua ya 5: Kosa la mtumiaji ni kosa lako

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa ndege za Marekani za aina ya B-17 walikuwa wakitua salama kisha, wakiwa tayari ardhini, wanakunja magurudumu badala ya mabapa ya mabawa. Ilionekana ni uzembe wao. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza chumba cha rubani alikuta vishikio vya vitu hivyo viwili vinafanana na vimekaa jirani. Suluhisho likawa kuvipa maumbo tofauti: cha magurudumu kikawekwa umbo la gurudumu, cha mabapa umbo la kabari, mkono utambue bila jicho kutazama.

Chukua fikira hiyo uipeleke kwenye kurasa zako. “Futa” na “Hifadhi” zisikae jirani wala zisifanane. Pale ambapo kosa ni la gharama, onyesha mtumiaji kitu cha kukitambua kabla hajakubali. M-Pesa hufanya hivyo inapoonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaenda: namba hakuna anayeikumbuka, jina kila mtu analijua. Kwa abiria wetu, kabla ya kulipa aone jina la boti, anakokwenda, na wakati. Hayo matatu yanatosha.

Ila usiulize “Una hakika?” kila mahali. Mtu akiulizwa kila mara, kidole huzoea kugusa “Ndiyo” bila kusoma, na siku ya hatari hatasoma pia. Kwa makosa madogo ni bora kumpa nafasi ya kurudi nyuma: “Umemfuta abiria huyu. Mrudishe?” na ujumbe ukae sekunde kadhaa. Ujumbe wa kosa nao useme kilichotokea na la kufanya. “Malipo hayajafika. Usilipe tena, tutaangalia na kukujulisha kwa SMS” unatuliza moyo. “Hitilafu 500” unampeleka mtu kulipa mara ya pili.

Hatua ya 6: Jaribu na watu watano

Mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwa hesabu kwamba watumiaji watano wa kundi moja hutosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za kiolesura, na baadaye Nielsen akashauri kwamba ni afadhali majaribio madogo mengi kuliko moja kubwa. Zingatia neno kundi. Manahodha watano hawasemi kwa niaba ya abiria, wala vijana kwa niaba ya wazee. Fanya watano, rekebisha, kisha wengine watano.

Anza kwa salamu kamili, usikimbilie simu. Kisha sema kwa namna hii: “Ami, natengeneza programu ya kuandikisha abiria na nataka kujua nimekosea wapi. Ukikwama, kosa ni langu. Naomba ukiwa unaitumia useme kwa sauti unachofikiri.” Mpe kazi ya kweli: “Kuna watu watatu wa Siyu wanaotaka kwenda kesho, mmoja ana mtoto wa kupakata. Waandikishe.” Usitaje jina la kitufe chochote, utakuwa umemwonyesha njia.

Akiuliza, “Sasa hapa nigonge wapi?” mjibu kwa upole, “Kama nisingekuwapo, ungegonga wapi, ami?” Kisha nyamaza. Kunyamaza mbele ya mtu mzima anayehangaika ni kugumu sana kwa aliyelelewa kwa adabu, lakini ukimsaidia mapema hutajua angefanyaje akiwa peke yake. Akianza kuona unyonge, mwachishe kazi hiyo, mwambie amekusaidia, na umaanishe.

Andika alipokwama, alichosema, alichotarajia. Kuna pia dodoso la John Brooke la 1986 lenye sentensi 10, linalotoa alama kutoka 0 hadi 100, nalo hutumika sana duniani. Mimi hulipa uzito mdogo huku kwetu, kwa kuwa heshima hupandisha alama. Dakika za kuhangaika hazina heshima kwa mtu.

Hatua ya 7: Sauti na akili unde (AI)

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, kila anayetengeneza programu anashawishika kuondoa vitufe aweke sanduku la mazungumzo. Lifikirie vizuri. Sanduku tupu halionyeshi linaweza nini. Mtu analazimika kukumbuka la kuandika, na kutambua kitu kilicho mbele ya macho ni rahisi kuliko kukumbuka kilichofichika. Watafiti wa Microsoft walipotoa miongozo 18 ya mwingiliano wa watu na akili unde mwaka 2019, wa kwanza ulitaka mfumo ueleze unaweza kufanya nini, na wa pili ulitaka ueleze unaifanya vizuri kiasi gani. Weka vitufe vya kazi zinazojulikana, na mazungumzo yawe ya nyongeza.

Sauti ina nafasi kubwa zaidi kwetu. Watu tayari wanatumiana ujumbe wa sauti, na mwenye mikono ya chumvi hahitaji kuandika. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za Kiswahili ili mashine zijifunze. Lakini mashine iliyojifunza Kiswahili cha redioni itateleza ikikutana na lahaja zetu, Kiamu au Kitikuu, na majina ya watu na ya vijiji ndiyo itakayoyaharibu kwanza. Jaribu kwa wasemaji wa hapa, wazee wakiwemo, penye upepo na mlio wa injini. Na chochote ilichosikia ikirudie: “Abiria wawili, kwenda Kizingitini, kesho asubuhi. Ni sawa?” Boti isijazwe kwa kubahatisha.

Hatua ya 8: Siri za watu

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kusanya unachokihitaji tu, useme ni cha nini, ukifute kazi ikiisha. Jina, anakokwenda na namba moja ya kupelekea taarifa, yake au ya aliyemwandikisha, vinatosha. Orodha ya namba zilizomo kwenye simu ya mtu haikuhusu. Wakenya wanazikumbuka programu za mikopo zilizochukua orodha hizo kisha zikawapigia jamaa na marafiki wa mdaiwa. Kumbuka pia kwamba simu moja hutumiwa na nyumba nzima: ujumbe unaotaja nani anasafiri na lini usijitokeze kwenye kioo kilichofungwa. Kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga.

Hatua ya 9: Rudi majira yakigeuka

Programu iliyojaribiwa wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, irudi kujaribiwa wakati wa kusi, na tena siku za Maulidi mji unapojaa wageni. Angalia safari ngapi zilianza kuandikishwa zikaachwa njiani, na ni ukurasa gani uliowaachisha. Ukilazimika kubadilisha kitu, badilisha kimoja kwa wakati mmoja, na usihamishe kitufe ambacho vidole vimekizoea ila kwa sababu nzito. Mabadiliko yatoke siku zisizo na safari nyingi, na yule anayekaa jetini kuwasaidia abiria aambiwe kabla, kwa kuwa maswali yote yatamwendea yeye.